Swali la Mlango wa Mashariki

Katika mji huu mwaka hauji wenyewe. Kwingineko, tunasikia, mwaka hufika kama mvua, ukamnyeshea anayeutaka na asiyeutaka. Hapa mwaka hushindaniwa kwenye runinga, alasiri moja, mbele ya kamera nne, na upande unaoshinda ndio unaopewa. Upande unaoshindwa hubaki pale pale ulipokuwa. Mtoto wa miaka mitatu hubaki wa miaka mitatu. Mtama uliotoa suke hubaki na suke lisilo punje, na akiba ya ghalani iliyopungua mchana hukutwa asubuhi imerudi kimo chake kilekile. Aliyekuwa anakufa huendelea kufa bila kufika. Na aliyekuwa anazaliwa, hilo tutalifikia, maana ndilo lililotuleta.

Pande ni mbili, Kileleni na Bondeni. Shindano limefanyika mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa Kileleni wameshinda. Ukiwauliza waamuzi sababu, watakufungulia kitabu cha kanuni: vitufe viwili vinavyofanana, viti viwili vya kimo kimoja, taa ileile, sekunde tano kwa huyu na sekunde tano kwa yule. Mnataka usawa gani zaidi ya huo? Nami nimekisoma kitabu hicho mara mbili na sikukuta ndani yake uongo hata mstari mmoja. Ndicho kinachonitia uchungu. Uongo una mlango wa kuingilia, mtu akiutafuta ataupata. Ukweli uliojengwa vizuri hauna mlango.

Kitabu hicho, kama kilivyo leo, alikiandika Sikitu. Alikuwa mtunga maswali wa shindano, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye mvi tatu alizozijua kwa majina na miwani aliyoivua kila alipotaka kusema ukweli. Yeye ndiye aliyeandika kwamba sekunde zianze kuhesabiwa tangu swali linapokamilika. Yeye ndiye aliyeandika kanuni ya arubaini, ambayo haijawahi kutumika na ambayo hakuna aliyeikumbuka: kwamba mwaka hautolewi mpaka kengele kubwa igongwe, na swali la mwisho kuulizwa ukumbini kabla ya kengele hiyo ndilo linaloubeba. Katika daftari la wakazi aliandikwa mzaliwa wa Kileleni. Hapo ndipo palipokuwa na uongo, lakini haukuwa wa kitabu, ulikuwa wake.

Alizaliwa Bondeni. Alipanda Kileleni akiwa na miaka ishirini, mtazamaji tu wa shindano la kwanza, akiwa amefungwa mkononi utepe mweupe wanaofungwa wageni wa Bondeni ili saa za huko zisiwahesabie. Shindano lilipokwisha, wenzake walishuka. Yeye aliingia msalani, akaufungua utepe, akauzungusha kidoleni, akautupa. Alitaka kuona kesho. Nani amlaumu? Mimi simlaumu, ila nasema: alimwacha nyuma dada yake Mashavu, mwenye miaka ishirini na minne na mimba iliyobakiza siku tisa. Miaka kumi na tisa baadaye, Mashavu alikuwa na miaka ishirini na minne, na mimba iliyobakiza siku tisa.

*

Watu wa Bondeni wana desturi moja, na ndiyo iliyowaponza. Kwao swali ni mgeni. Mgeni haanzwi kwa sahani, huanzwa kwa kupokewa mzigo na kupewa pa kukaa. Ukimwuliza mtu wa Bondeni njia ya kwenda kisimani, hatakujibu. Atasema: "Nimelipokea. Umeniuliza njia ya kwenda kisimani. Ndilo?" Na wewe uliyeuliza huna budi kusema "Ndilo," au kulirekebisha swali lako, au kulichukua uondoke nalo. Mpaka useme hivyo, swali bado ni lako, liko begani mwako. Kumjibu mtu kabla hajasema "Ndilo" ni kumnyang'anya kitu ambacho hajakupa. Watoto huchapwa kwa kosa hilo.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya kitufe.

Sikitu alikuwa amehangaika. Mwaka mmoja alileta maswali ya kweli au si kweli, akidhani neno moja litawatosha, na bibi mmoja wa Bondeni akalipokea, akalirudisha, akauliza: kweli kwa nani? Sekunde zikamwishia mdomoni. Mwaka mwingine akaleta majibu manne ya kuchagua, na hapo walifanya vizuri, kwa kuwa raundi hiyo ilikuwa na nusu dakika, nayo iliwatosha kulipokea swali na majibu yake yote manne kama wageni watano wa familia moja. Lakini raundi ya pili ilikuwa ya kitufe, anayebonyeza kwanza ndiye anayejibu, na huko walichinjwa. Kila mwaka huko walichinjwa. Alikwenda kwa waamuzi akaomba sekunde zisianze mpaka mwulizaji akubali kwamba swali limepokewa. Mwamuzi mkuu alimsikiliza kwa heshima.

"Bi Sikitu," alisema, "swali linakamilika mtangazaji anapofunga mdomo. Wote wanaona mdomo ukifungwa. Tukianza kumpimia kila mtu kwa kibaba cha kwao, tutakuwa na shindano au tutakuwa na soko?"

Akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alikuwa amevaa miwani.

Tangu siku hiyo mawazo yalimjia vipande vipande, hasa alipokuwa akinoa penseli. Ukiwapa watu wawili ngazi ya urefu mmoja, na mmoja amesimama shimoni, umewapa sawa. Umewapa sawa kabisa. Nani aliyeamua kwamba kujua ni kuwahi? Anayeuliza, yeye huulizwa na nani? Na mimi niliyekwisha kuona kesho kumi na tisa, kuna hata moja iliyokuwa yangu?

Penseli zilikwisha. Akaletewa nyingine.

*

Jina la mshiriki wa Bondeni wa shindano la ishirini lilipoletwa mezani kwake, lilikuwa Mashavu. Siku mbili kabla ya shindano akaomba ruhusa, akafungwa utepe ili saa za Bondeni zisimshike, akashuka na bahasha mkobani.

Hakuna kilichokuwa kimehama. Kuku yuleyule mwekundu alikuwa juu ya kinu kilekile. Uani alikaa msichana mwenye tumbo kubwa akipepeta mtama, na alipomwona mwanamke wa makamo amesimama mlangoni na viatu vya kisigino, alijiinua kwa taabu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Sikitu akajibu.

Lilimtoka kabla hajafikiri. Amezoea, huko juu vijana humwamkia kutwa. Lakini lilipokwisha kutoka hakuweza kulirudisha, na likamchoma. Msichana huyu ndiye aliyembeba mgongoni. Ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa kokwa za ukwaju na kumfunga kidonda cha goti kwa kipande cha kanga yake mwenyewe. Ameamkiwa na dada yake, naye ameitikia.

"Karibu ukae. Umetoka mbali?"

"Mashavu. Ni mimi. Sikitu."

Mashavu aliweka ungo chini. Hakukimbilia kumkumbatia. Alimtazama mvi, akamtazama goti, akaliona kovu.

"Nimelipokea," alisema polepole. "Unaniambia wewe ni Sikitu, mdogo wangu. Ndilo?"

"Ndilo."

Hapo ndipo alipolia. Walilia wote wawili, mmoja kama mtoto na mmoja kama mzazi, na si rahisi kusema yupi alikuwa yupi. Halafu Mashavu akamshika mkono akauweka tumboni mwake. Mtoto alikuwa hai. Alikuwa akisukuma, si kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ina watu.

"Hachoki," alisema Mashavu. "Mimi nachoka, yeye hachoki. Kila siku zimebaki tisa."

Sikitu akatoa bahasha. "Humu mna maswali kumi ya kitufe na majibu yake. Yasome leo, kisha uyachome."

Mashavu hakuigusa. "Ukinipa haya, nitakuwa nimeulizwa?"

"Dada, sikiliza—"

"Mwanangu amekaa humu akisubiri mwaka wake. Nikimzaa katika mwaka wa wizi, akiniuliza alizaliwa lini nimwambieje?"

"Basi bonyeza haraka. Usilipokee swali. Mara moja tu, kwa ajili yake."

"Najifunza." Mashavu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Vijana wamenitengenezea kitufe cha kifuniko cha chupa. Mkono unakwenda, Sikitu. Mdomo ndio unaokataa. Nahisi kama namla mgeni badala ya kumlisha."

Sikitu alirudi Kileleni na bahasha yake. Njiani alilichana swali la kumi, na usiku haukuwa umeingia alipokuwa ameliandika jingine mahali pake. Halikuwa swali la hila. Kila neno lake lilikuwa wazi, na mtoto angeweza kulijibu, mradi alishike mkononi kwanza alitazame pande zote. Je, alipendelea? Alipendelea. Sitamtetea. Nitasema tu kwamba sijaona bado swali lisilompendelea mtu, na lile linaloapa kwamba halipendelei ndilo nililoacha kuliamini.

*

Siku ya shindano ukumbi ulijaa. Mbele walikaa watu wa Kileleni, wamevaa, wamejipuliza manukato. Nyuma kabisa, kwenye benchi, walikaa wageni kumi na wawili wa Bondeni na tepe zao nyeupe. Katikati, chini ya taa, alisimama Faki, mtangazaji, mtu mwenye sauti nzuri ambayo kwa miaka kumi na tisa ilikuwa haijakwaruza. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza alichopewa kuuliza, akapongeza, akatoa pole, akanywa maji. Kushoto kwake alikaa Nassoro wa Kileleni, mwalimu kijana mwenye vidole vyepesi. Kulia alikaa Mashavu, na ilibidi meza yake isogezwe mbele kidogo kwa sababu ya tumbo. Waamuzi walipima kwa rula, wakamsogeza na Nassoro kiasi hichohicho. Usawa.

Sikitu alikuwa nyuma ya kioo, katika chumba cha watunzi.

Raundi ya majibu manne Mashavu alipata kumi, Nassoro saba. Watu wa benchi hawakushangilia, kwa kuwa walijua kinachokuja. Raundi ya kitufe Nassoro alibonyeza mara tisa, na mara tano akapata. Alipokosa, swali lilihamia kwa Mashavu pamoja na sekunde tano. Mara mbili Mashavu alilimeza neno lake la kupokea na kujibu papo hapo, na akapata, na mara zote mbili uso ulimkunjamana kama aliyemeza mwiba. Mara mbili nyingine mdomo ulimkatalia, sekunde zikapita.

Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Limebaki swali moja. Kanuni inasema sare ni ya upande wenye mwaka, na upande wenye mwaka ulikuwa Kileleni.

Faki akainua kadi ya kumi.

"Jua linazama. Mlinzi wa mlango wa mashariki wa mji anamwona mtu pale mlangoni, kivuli chake kimemtangulia mbele—"

Nassoro akabonyeza. "Mashariki! Anatoka mashariki, anaingia mjini."

Faki alitazama kadi, akaitazama tena. "Samahani. Si sahihi." Ukumbi ukaguna. "Nalimalizia. Mtu huyo anatoka wapi? Bondeni, sekunde tano."

Mashavu aliutoa mkono wake juu ya kitufe, akauweka tumboni. Nyuma ya kioo Sikitu alisimama. Alikuwa ameomba moyoni dada yake awe mwepesi, na sasa alipoona ule mkono ukitulia, alijua kwamba hatakuwa mwepesi, na kwamba hilo swali alilitunga kwa ajili ya mtu asiye mwepesi, na kwamba sekunde tano hazitamtosha mtu huyo hata kidogo. Alikuwa amesahau. Alikuwa amekaa Kileleni muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba kupokea kunachukua muda.

"Nimelipokea," alisema Mashavu. "Umeniuliza hivi. Jua linazama. Mlinzi yuko kwenye mlango wa mashariki. Mtu yuko mlangoni, na kivuli chake—"

Kengele ya sekunde ikalia.

"—kimemtangulia. Unataka kujua anatoka wapi. Ndilo?"

"Muda umekwisha, Bibi Mashavu."

"Jua liko mgongoni mwake," Mashavu aliendelea, hamwambii mtu hasa. "Uso wake uko mashariki. Basi haingii. Anauacha mji. Anatoka ndani."

Faki aliishusha kadi. Kilichoandikwa juu yake kilikuwa hichohicho.

"Jibu ni sahihi," alisema. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaongeza: "Lakini muda umekwisha."

Watu wa mbele walianza kupiga makofi. Mtu mmoja akaenda kuchukua nyundo ya kengele kubwa. Kwenye benchi la nyuma mama mmoja alijifunika uso kwa ushungi, na wengine wakaanza kuinuka, taratibu, kama watu wanaotoka mazikoni.

Mlango wa chumba cha kioo ukafunguliwa. Sikitu akaja mpaka katikati ya taa. Hakuwahi kuonekana kwenye runinga. Kwa kanuni mtunga maswali haonekani. Kamera zilibabaika, moja ikamwonyesha miguu tu. Alikuwa ameivua miwani, ukumbi wote ulikuwa ukungu machoni pake isipokuwa tumbo la dada yake, nalo aliliona vizuri.

Na Faki, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuuliza neno lisilo kwenye kadi, alistuka akauliza la kwake:

"Mama, wewe ni nani, na ni wa upande gani?"

Mwenye nyundo alisimama. Mwamuzi mkuu alifungua kitabu, akapekua mpaka kanuni ya arubaini, na rangi ikamtoka usoni. Swali limeulizwa ukumbini. Kengele kubwa haijagongwa. Kijana wa saa, kwa mazoea, akabonyeza chake, na sekunde zikaanza kuhesabiwa ukutani kwa tarakimu nyekundu.

Lingekuwa jambo jepesi. Neno moja lilimtosha. Angesema Kileleni, akabaki na nyumba yake, jina lake, mvi zake na kesho ya ishirini. Angesema Bondeni mbio mbio, kabla ya kengele, akashinda kwa mbio zilezile zilizowaua wenzake, na mwaka ungeshuka kule chini ukiwa tayari umejifunza tabia za huku. Mdomo wake ulikuwa mwepesi, umefunzwa. Akaushika.

"Nimelipokea," alisema Sikitu.

Hakuwa ametumia neno hilo kwa kauli hiyo tangu alipokuwa na miaka ishirini.

"Umeniuliza mimi ni nani, na mimi ni wa upande gani."

Kengele ya sekunde ikalia. Hakugeuka.

"Ndilo?"

Mwamuzi mkuu alifungua mdomo aseme muda umekwisha, lakini kitabu kilikuwa wazi mbele yake, nacho kilisema sekunde huhesabiwa tangu swali linapokamilika, na hakikusema swali hukamilika lini. Siku zote alisema yeye. Leo swali halikuwa la kadi, lilikuwa la Faki, na macho yote yaligeuka kwa Faki.

Maskini Faki. Alikuwa ameuliza maswali elfu kadhaa maishani mwake, na hakuna hata moja lililowahi kurudishwa mikononi mwake ili aseme kama ni lake. Alitazama kadi zake. Hazikuwa na kitu. Akamtazama Mashavu, aliyemwuliza neno lilelile dakika moja kabla, naye akamjibu kwa saa. Nadhani ndipo alipotambua kwamba wakati wote ule yeye ndiye aliyekuwa ameubeba mzigo, na kwamba walikuwapo watu, mwaka baada ya mwaka, waliosimama mbele yake wamenyoosha mikono wampokee.

"Ndilo," alisema Faki. Sauti yake ikakwaruza.

"Mimi ni Sikitu," alisema, "mdogo wake Mashavu. Mimi ni wa Bondeni. Niliufungua utepe wangu msalani nikautupa."

Hakukuwa na kadi ya kuthibitisha. Faki alitazama huku na huku, hajui amwulize nani kama ni kweli.

"Jibu ni sahihi," alisema Mashavu kutoka kitini. "Mimi ndiye niliyembeba."

Mwenye nyundo hakugonga. Sijui kama alisahau au alikataa, na kengele kubwa ya mji huu bado haijagongwa hadi ninaposimulia. Kilichosikika kilikuwa kitu kidogo, maji yakidondoka kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, na Mashavu akainama akayatazama kwa mshangao, utepe mweupe ungali mkononi mwake. Mwaka haukungoja kengele: siku tisa zilikuwa zimefika zote kwa pamoja. Benchi zima la nyuma liliinuka, na mmoja wao, mzee ambaye jino lake lilikuwa likiuma miaka kumi na tisa, akalishika shavu lake na kusema kwa sauti ya chini kwamba limetoka.

Sikitu alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye yale maji. Mvi zake hazikuondoka. Miaka yake hakurudishiwa hata mmoja, na hakuiomba. Alimshika dada yake kiunoni, mahali alipokuwa akishikwa yeye alipokuwa mdogo na kuumwa, akasubiri uchungu wa kwanza upite. Ulipopita, akainua uso.

"Shikamoo, dada."

Mashavu, mwenye umri wa kuwa binti yake, alivuta pumzi mpaka ikafika chini kabisa.

"Marahaba," alisema.

Uchungu wa pili ukaanza.